Mlenda wa Cheti

Nianze kwa kuuomba radhi mlenda. Ni mboga nzuri, nimekulia nao pale Unyambwa, na siku za kawaida sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mlenda usio na chumvi, unaoliwa siku saba mfululizo na dereva mwenye akili zake timamu ili akamdanganye daktari. Huo, vijana wangu wa malori, niliuanzisha mimi. Ndiyo maana leo nimekaa kuandika badala ya kwenda kunywa kahawa na wastaafu wenzangu wanaodanganya kuhusu magari waliyoendesha.

Naitwa Juma Ntandu. Nimeshika usukani wa lori zaidi ya miaka thelathini. Nimebeba alizeti, mafuta, vitunguu, saruji, na mara moja ng'ombe wa Kintinku, walionifundisha kwamba mzigo ukiwa na maoni yake safari haiishi.

Sheria mnaijua. Leseni ya lori haihuishwi hivi hivi, lazima ukapimwe kwanza. Macho, masikio, presha, sukari, viungo, kama umewahi kuanguka kifafa, kisha daktari aandike kama unafaa au hufai. Sisi siku hiyo tuliichukulia kama mechi. Daktari timu ile, dereva timu hii, na kombe ni cheti.

Kuna mwenzetu mmoja ambaye masikio yake yalimalizwa na injini za zamani. Daktari akamuuliza kama anasikia vizuri. Kimya. Akauliza tena kwa sauti, kimya. Mara ya tatu alipaza sauti mpaka wagonjwa waliokuwa nje kwenye benchi wakageuka. Jamaa akajibu kwa hasira, "Nasikia vizuri sana, kwani unanifokea nini?" Akapewa cheti.

Na mzee Kitundu, aliyenifundisha kazi, alipewa cheti kwa sharti la kuvaa miwani. Yeye aliona miwani inamfanya afanane na mwalimu mkuu. Kwa hiyo aliitundika kwenye kioo cha kutazamia nyuma, ikabembea pale miaka yote, na trafiki akiuliza anajibu kwamba gari limeshavaa.

Msimcheke sana Kitundu. Kila tulipopumzika aliniteremsha nizunguke lori lote nikishika kitovu cha kila gurudumu kwa kiganja. Siyo kutazama, kushika. Lililo la moto kuliko wenzake lina siri, alisema, na siri ya gurudumu hufichuka barabarani. Nilifanya hivyo mpaka nastaafu, na nawashauri mfanye, hata kama lori lenu lina taa za kila rangi mbele ya usukani. Lakini oneni ujinga wangu: nilikuwa nashika magurudumu yote kila kituo, na mwili wangu mwenyewe niliuacha upoe au uungue unavyopenda.

Maana mimi nilikuwa na sukari.

Iliniingia nikiwa na miaka hamsini na kitu. Kiu haiishi, na kati ya Manyoni na Singida nilikuwa nasimama kuchimba dawa vichakani mara nyingi hata mbuzi wa njiani wakanizoea. Nikaenda kupima kwenye zahanati ya mbali ambako hakuna anayenijua. Wakaniambia ni sukari, wakanipa vidonge na maelekezo. Nilimwambia mke wangu, Mama Mwajuma, basi. Methali ya mficha maradhi naijua tangu darasa la tatu, niliiandikia hata insha na mwalimu akanisifu. Lakini nilikuwa nimeshajiambia kwamba mwenye sukari hapewi leseni ya lori, na bila leseni mimi ni nani? Mtu wa kufukuza kunguru shambani.

Ndipo nikabuni mfungo. Siku saba kabla ya kipimo unakula mlenda bila chumvi, na ugali mdogo wa kumtosha mtoto. Hakuna chai ya sukari, hakuna soda, hakuna kuku, na kwa mtu wa Singida kukosa kuku wiki nzima ni msiba. Siku mbili za mwisho unaongeza vidonge mara mbili. Siku yenyewe, maji matupu. Mimi Mwislamu nilitaka tuuite Ramadhani ndogo, lakini rafiki yangu Msengi, Mlutheri wa Kiomboi ambaye naye alikuwa na sukari, akauita Kwaresima ya Cheti, na jina lake likashinda. Nadhani alikuwa sahihi. Ramadhani ina futari.

Nilishinda. Mara ya kwanza nikashinda, mara ya pili nikashinda. Habari zikavuja, maana dereva anaweza kuficha ugonjwa lakini hawezi kuficha ujanja. Wakaanza kuja mmoja mmoja pale tunapoegesha, wenye presha, wenye sukari, na wengine wasio na chochote ila woga. Wananivuta pembeni, wananiuliza mlenda siku ngapi. Wakaniita Mwalimu. Nawaambieni ukweli, nililipenda jina hilo kuliko nilivyoipenda leseni yenyewe.

Mara ya tatu nilimkuta daktari mpya, binti mdogo, Daktari Salome. Aliniamkia shikamoo kabla ya kunitoboa kidole, jambo linalofanya iwe vigumu kumchukia mtu. Akatazama kile kipimo chake, akanitazama mimi.

"Mzee, sukari yako imeshuka kidogo. Umekula asubuhi?"

"Nimekula, mwanangu. Supu na chapati mbili."

"Unatumia dawa yoyote?"

"Mimi? Hata panadoli siijui."

Akaandika. Akaniambia nikitoka nipitie mgahawani nile kitu hata hivyo. Nikaitikia, nikakunja cheti, nikakiweka mfuko wa shati. Nilikusudia kula kweli, kuku mzima wa kusherehekea, lakini Ihanja walikuwa wananisubiri nipakie alizeti na walishapiga simu mara mbili. Nikasema nitakula nikifika. Lori likiwa tupu linakwenda lenyewe.

Kilometa chache kabla ya kufika, jasho likaanza. Siyo jasho la joto, lile la baridi linaloanzia nyuma ya shingo. Mikono ikatetemeka juu ya usukani. Kisha woga ukaondoka, ikaja furaha isiyo na sababu, nikaona dunia yote ni ya jamaa zangu. Baada ya hapo nakumbuka vipande, mengine nimesimuliwa.

Inasemekana niliwasha indiketa. Nikapunguza mwendo kwa adabu zote, nikaiacha lami, nikaingiza lori katikati ya shamba la alizeti, nikavuta handbreki. Kisha nikashuka. Alizeti zilikuwa zimekomaa, na mnajua alizeti ikikomaa inavyoinamisha kichwa. Mimi nikaona ni umati wa vijana wananiamkia. Nikaanza kupita mstari kwa mstari, mikono nyuma kama mgeni rasmi, nikiitikia: marahaba, marahaba, marahabaa.

Mwenye shamba ni Bibi Mwanaidi, mjane, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Akatokea na jembe begani.

"Wewe baba, umelewa?"

"Marahaba," nikamjibu.

Akanitia mpini wa jembe mgongoni. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, shamba lake lilikuwa limelala kwa upana wa lori. Lakini alipoinua mpini mara ya pili aliona shati langu limelowa chapachapa, akanishika mkono akaukuta baridi. Akautupa mpini. Marehemu mumewe alikuwa na sukari. Akanikalisha chini, akakimbia kwenye kibanda chake cha shambani, akarudi na asali kwenye chupa ya soda. Akawa ananipa kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa na kunitukana kwa Kinyaturu baada ya kila kifuniko.

Akili ilirudi kwa zamu. Kwanza nikajua niko Ihanja. Kisha nikajua mimi ni nani. Mwisho nikaliona lori, na nyuma yake ule mtaro wa alizeti zilizolala mpaka barabarani. Nikaitazama barabara yenyewe. Huko nilikotoka kuna shule ya msingi, imekaa jirani kabisa na lami, na watoto walikuwa wameshatoka. Niliwaona wanakuja kwa makundi kutazama lori lililoingia shamba, sare zao, mifuko yao mgongoni. Vijana wangu, mimi sikumbuki kuipita ile shule. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka na sikumbuki. Nilikaa pale chini nikalia mbele ya mwanamke nisiyemjua, na asali kidevuni.

Bibi Mwanaidi aliona karatasi imechungulia mfukoni kwangu. Akaichomoa.

"Hii inasemaje?"

"Inasema ninafaa."

"Kufanya nini?"

Nikaichukua karatasi niisome tena. Ndipo nilipomkumbuka Msengi.

Msengi alikuwa apimwe kesho yake. Kwa maana hiyo siku ile alikuwa siku ya saba ya mlenda, vidonge mara mbili, kama Mwalimu alivyofundisha. Na asubuhi ile alikuwa ameondoka Singida na saruji kwenda Shelui. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa kwamba kwenda Shelui ni lazima uteremke Mlima Sekenke, na kwamba Sekenke ukiwa na saruji mgongoni haitaki dereva anayeitikia salamu za alizeti.

Nikapiga simu. Haikupokelewa. Nikapiga tena, na tena. Hakupokea kwa sababu nilimfundisha mwenyewe kwamba dereva akiwa kwenye usukani simu ni ya shetani. Ushauri wangu mzuri na ushauri wangu mbaya walikuwa wamekaa kabini moja, wote wanamtii Mwalimu.

Nikampigia Mama Happy, mama ntilie wa Misigiri, ambako wengi wetu tulikuwa tunasimama kabla ya kuushuka mlima.

"Mama Happy, Msengi amepita?"

"Yuko hapa, anashika shika matairi. Ana nini huyu mtu? Nimempikia, amekataa. Kaja na kibakuli chake cha mlenda, halafu hata huo mlenda kaacha."

"Anatoka jasho?"

"Kama kanyeshewa."

"Mpe soda. Yenye sukari. Sasa hivi."

Nikasikia anamwita, nikasikia Msengi anakataa kwa ulimi mzito.

"Kagoma. Anasema anaondoka."

"Mnyang'anye funguo!"

Zikapita dakika ambazo sitaki kuzirudia. Nikasikia kiti kinaanguka, wanawake wanapiga kelele, mtu anacheka. Mama Happy ni mwanamke mwenye mwili wake, na baadaye nilielezwa kwamba alizikalia zile funguo. Mwisho nikasikia sauti ya Msengi, inalalamika kama mtoto anayepewa kwinini.

"Mwalimu! Huyu mama ananinywesha soda kwa nguvu! Kesho nitafeli!"

"Feli, ndugu yangu," nikamwambia. "Nakuomba kwa jina la Mungu wako na wangu, feli."

Nilirudi kwa Daktari Salome, safari hii pamoja na Msengi. Nikakiweka cheti mezani, nikamwambia kila kitu, pamoja na chapati mbili ambazo hazikuwahi kuwapo. Nilitegemea aite polisi. Yeye akauliza swali moja.

"Mzee wangu, nani alikuambia mwenye sukari hapewi leseni?"

Nikamtazama Msengi, naye akanitazama. Nilisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu pale maegesho, na Msengi alisikia kwangu. Miaka yote tuliogopa sheria ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza inasemaje.

Akatueleza. Alisema yeye hamtafuti mwenye sukari ili amnyang'anye usukani. Anataka kujua kama sukari imeshikwa, kama unakunywa dawa inavyotakiwa, kama unazijua dalili zake na unajua la kufanya zikija. Wengine huandikiwa wanafaa, kwa masharti na kurudi kuonwa mara kwa mara. Wengine kweli hawafai, na hao huambiwa. "Anayenitisha mimi siyo mgonjwa," alisema. "Ni yule anayekuja hapa akiwa mzima wa siku moja." Kisha akatuonyesha kwamba kuna kipimo cha damu kinachosema sukari yako ilikuwaje miezi mitatu nyuma. Msengi akaguna. Miezi mitatu ya mlenda hakuna binadamu anayeiweza.

Akatutoa barabarani wote wawili mpaka sukari ikae sawa. Tajiri wetu, mwenye malori, alinuna nilipomwambia, kisha akazoea. Ilikuwa miezi mitatu na kitu, na Mama Mwajuma alisema waziwazi kwamba kuishi na sukari ni rahisi kuliko kuishi na mimi nyumbani. Bibi Mwanaidi naye alinipangia adhabu yake: msimu ule nilikwenda kupura alizeti kwake siku nne, na kila aliyepita njiani alimweleza mimi ni nani, kwa sauti.

Nilipopimwa tena nikaandikiwa ninafaa kwa masharti. Niliendesha miaka mingine kadhaa nikiwa mgonjwa halali. Nilikuwa na biskuti na pipi kwenye kidroo cha kabini, na chakula changu kilikuwa na saa kama gari la moshi. Tajiri alijua, wenzangu walijua, Mama Happy alijua na alinipunguzia wali bila kuombwa. Mkono ukianza kutetemeka, indiketa, pembeni, handbreki, pipi mdomoni, kisha unasubiri mpaka utulie kabisa, siyo mpaka uone aibu kusubiri. Hayo ndiyo niliyonayo ya kuwafundisha kuhusu sukari na usukani. Mengine kamuulizeni daktari, maana mimi mmeona nilivyokuwa mwalimu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilizunguka maegesho yote ninayoyajua nikifuta somo langu. Wengine walinisikia. Lakini somo baya lina miguu kuliko mwalimu wake.

Mwezi uliopita nilikuwa kliniki, kwenye benchi, nangoja kipimo changu cha kawaida. Akaja kijana wa miaka kama thelathini hivi, akaniamkia vizuri, akaketi. Mkononi ana fomu ya kupimia leseni na funguo. Nje nililiona lori lake, kubwa, limepakiwa hadi juu na kufungwa turubai. Midomo yake ilikuwa mikavu. Aliponiona nami nimeshika karatasi akanihurumia, akanisogelea.

"Babu, nawe umekuja kwa ajili ya leseni?"

"Nimekuja kupima sukari."

"Ah." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Siku nyingine kabla hujaja, kula mlenda, babu. Bila chumvi, siku saba. Na vidonge unaongeza mwishoni. Wanakukuta safi kabisa."

"Nani kakufundisha?"

"Sisi madereva tunafundishana. Aligundua mzee mmoja wa zamani, Mwalimu Ntandu. Hakuwahi kufeli hata mara moja."

"Yuko wapi sasa?"

"Alishakufa."

Nilitaka kucheka. Kisha nikaona zile funguo mkononi mwake zinalia zenyewe, kwa jinsi vidole vilivyokuwa vinatetemeka. Nikaunyoosha mkono nikamshika kiganja, kama mzee Kitundu alivyonifundisha kushika magurudumu. Kilikuwa cha baridi na kimelowa. Nikazichukua funguo taratibu, nikazikalia. Nikatoa pipi mfukoni, nikaimenya, nikampa.

"Kula."

"Hapana, babu," akasema, ulimi umeanza kuwa mzito. "Utaniharibia kipimo."

"Najua, mjukuu wangu," nikamwambia. "Kula."